Kichwa, Jina na Anwani: Shairi Huitwaje?

Makala ya leo yanahusu jambo ambalo wasomaji wengi wa mashairi hulipita upesi, na ambalo watunzi wengi hulifanya mwisho kabisa, kalamu ikiwa imekwisha kuchoka. Jambo lenyewe ni kulipa shairi jina, na kuipa diwani nzima jina. Safari inaanzia mahali ambapo pengine msikilizaji hakupatazamia, katika pwani ya Ras al Jinz nchini Oman.

Ras al Jinz iko katika eneo la Sharqiyah, takriban kilomita 40 mashariki ya mji wa Sur, jirani na Ras al Hadd, katika ncha ya mashariki ya Bara Arabu. Ni ufuko wa mchanga wenye majabali pembeni, na tangu mwaka 1996 umekuwa hifadhi ya kasa kwa amri ya serikali. Usiku kasa wa kijani hutoka majini, hujikokota mchangani, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja, huyafukia, kisha hurudi baharini. Wataalamu wanaeleza kwamba kasa jike, baada ya miaka mingi ya kuzunguka bahari, hurejea kutaga katika eneo la pwani alikoanguliwa yeye mwenyewe. Wageni wanaokwenda kumtazama huongozwa kwa makundi, na miongoni mwa masharti wanayopewa ni kwamba taa zizimwe. Mwanga humtisha mama asipande pwani. Tena huwapoteza watoto wake, ambao wakitoka mchangani huelekea kwenye weupe wa upeo wa bahari. Wakiona taa nchi kavu huifuata hiyo na kuiacha njia ya majini.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, upande huu wa dunia si mgeni. Sur ulikuwa mji wa mafundi wa majahazi na manahodha. Vyombo vyake viliteremka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja vikiwa vimesheheni tende na samaki wa chumvi, na vikarudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko. Kutoka Ibra na vijiji vya jirani ziliondoka koo kama za Al-Harthi na Al-Barwani, zikaweka makazi Zanzibar na mwambao. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman walihamia huko, na Kiswahili chao kinywani. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za nchi hiyo, kuanzia Muscat hadi Sharqiyah.

Sasa na achukuliwe bibi mmoja wa Sur, kwa mfano tu, kwani si mtu fulani anayejulikana. Bibi huyo alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, akaolewa, akazaa na akazika. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika mashairi ya Kiswahili katika daftari la shule. Watoto wake wanakijua Kiswahili cha kuzungumza nyumbani. Wajukuu husoma Kiarabu na Kiingereza. Mwanawe mmoja ametaka daftari lile lipigwe chapa kabla mama hajafumba macho. Mchapaji amekubali, kisha ameuliza swali dogo: kitabu kinaitwaje? Bibi hana jibu.

Swali hilo ni dogo kwa kulitazama tu. Kitabu kisicho na jina hakiwezi kuulizwa dukani, hakiwezi kuorodheshwa maktabani, wala hakiwezi kutajwa redioni. Daftari la bibi, bila ya jina, litabaki kuwa "karatasi za mama", na siku wajukuu watakaposafisha kabati litakuwa karatasi tu. Kwa hiyo kuchagua jina ni sehemu ya kuamua kama mashairi yale yataishi au yataondoka pamoja na mwenyewe.

Kiswahili kina maneno matatu kwa jambo hili, na kila moja lina mafunzo yake. Wapo wasemao kichwa cha shairi. Wapo wasemao jina. Na wapo, hasa nchini Kenya, wasemao anwani.

Na tuanze na kichwa. Kwa Kiarabu, ras ni kichwa, na kutokana na neno hilo Kiswahili kimepata rasi, yaani sehemu ya nchi inayochomoza baharini. Kwa hiyo Ras al Jinz yenyewe ni kichwa cha nchi. Nahodha anayetoka mbali huiona rasi kabla ya kuuona mji. Rasi humwambia yuko wapi na aelekeze wapi usukani, lakini haimwambii bei ya tende sokoni wala nani amefariki tangu alipoondoka. Hayo atayajua akishashuka. Kichwa chema cha shairi hufanya kazi kama hiyo.

Bahati mbaya, shule zimewafundisha watu wengi kazi nyingine. Katika mitihani ya Kiswahili mwanafunzi hupewa shairi lililoondolewa kichwa, kisha huambiwa apendekeze kichwa mwafaka. Jibu linalopata alama ni lile linalofupisha ujumbe. Zoezi hilo lina faida yake, kwani hupima kama mtoto ameelewa alichosoma. Lakini mtoto yule akikua na kuwa mtunzi, huendelea kuamini kwamba kichwa ni muhtasari. Ndipo yanapopatikana mashairi yenye vichwa vya namna ya "Elimu ni Ufunguo wa Maisha", "Ulevi Haufai" au "Tuutunze Umoja Wetu". Msomaji amekwisha kupewa hukumu kabla ya kusikia kesi. Beti kumi zinazofuata hazina la kumwambia ila kurudia kile alichokwisha kukijua.

Kichwa cha namna hiyo ni kama taa katika ufuko wa Ras al Jinz. Aliyeiwasha alikuwa na nia njema, alitaka watu waone. Lakini kwa ukali wake imemfukuza yule aliyekuwa akija, na wale wadogo waliokuwa wakitafuta njia ya majini imewapeleka kusiko.

Neno la pili ni jina. Hapa historia ya ushairi wa Kiswahili ina jambo la ajabu kidogo, nalo ni kwamba tungo nyingi mashuhuri za kale huitwa kwa majina ambayo hayaelezi nia ya mtunzi. Zimeitwa na wanukuzi, na wasomaji, na wahariri, kila mmoja kwa haja yake ya kuutofautisha utenzi huu na ule.

Wapo walioita kwa herufi. Katika ushairi wa Kiarabu kaswida ndefu yenye kina kimoja huweza kuitwa kwa herufi ya kina hicho. Kaswida ya Al-Busiri ya kumsifu Mtume hujulikana kama Hamziyya kwa sababu vina vyake huishia kwa hamza. Kaswida hiyo ilipofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi wa Pate, jina lilikuja nayo, ingawa katika Kiswahili, ambako vina huishia kwa irabu, sababu ya jina hilo haisikiki tena masikioni. Vivyo hivyo kwa Abu Muslim Nasir bin Salim al-Bahlani, mwanachuoni na mshairi mkubwa wa Oman aliyeishi Zanzibar, akaanzisha huko gazeti la Al-Najah mwaka 1911, na akafariki huko huko mwaka 1920. Kaswida yake mashuhuri inayoililia nchi yake ya Oman huitwa Nuniyya kwa sababu ya kina cha nun. Mtu aliyeishi ng'ambo ya bahari aliimimina hamu yake yote ya kwao katika utungo huo, na watu wakauita kwa herufi moja. Kwa wanaoujua, herufi hiyo inatosha. Kwa asiyeujua, hakuna mlango.

Wapo walioita kwa mtu au mahali palipotajwa ndani. Utenzi mrefu wa Pate wa mwaka 1728, unaonasibishwa na Bwana Mwengo wa Athumani, una majina mawili. Wengine huuita Utendi wa Herekali, kwa jina la Heraclius, mfalme wa Rumi. Wengine huuita Chuo cha Tambuka, kwa jina la Tabuk, mahali penye kisa cha vita hivyo. Utungo ni mmoja, lakini anayeingia kwa mlango wa kwanza humtafuta mfalme, na anayeingia kwa mlango wa pili hutafuta uwanja wa vita.

Na wapo walioita kwa mwenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa kumuusia mambo ya dini na ya unyumba. Ungeweza kuitwa wasia kwa binti, au adabu za mke. Watu wakauita Utendi wa Mwana Kupona. Utungo unaomhimiza mwanamke kumtii mumewe umelibeba jina la mwanamke mwenyewe kwa zaidi ya karne moja na nusu, na leo wengi humjua Bwana Mataka kwa sababu ya jina hilo la mkewe. Hapo jina limefanya kazi ambayo beti hazikuitaja.

Mfano mwingine ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika kumbukumbu za Mwalimu Sikujua, yakakusanywa na mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, karne moja baadaye, na William Hichens mjini Johannesburg. Huitwa Diwani ya Muyaka. Jina hilo ni la haki na la heshima, lakini ni jina la mkusanyaji anayetaka kujua mali ni ya nani. Muyaka mwenyewe angeiitaje, hakuna atakayejua.

Na hata pale ambapo utungo una jina lenye maana nzito, wanaokuja baadaye huweza kuligeuza. Takriban miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaouonya moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya fahari ya Pate. Inkishafi inatokana na neno la Kiarabu la kufunua. Asili hiyo hiyo imekipa Kiswahili kitenzi kukashifu, yaani kuifichua aibu ya mtu. Mswahili anayelisikia jina hilo husikia kufunuliwa kwa ukweli, na kwa mbali husikia pia kufedheheka. Lakini Hichens alipouchapisha mwaka 1939 aliongeza kwa Kiingereza maneno yenye maana ya kuamka kwa roho, na James de Vere Allen alipoutoa tena mwaka 1977 aliongeza maneno yenye maana ya mafunzo ya dini kwa roho. Mmoja alisikia kuamka, mwingine akasikia kufundishwa. Ile fedheha hakuna aliyeivusha.

Wapenzi wasikilizaji, mambo yalibadilika pale mashairi yalipoingia katika magazeti na vitabu vya chapa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na ukurasa wa gazeti hauvumilii utungo usio na kichwa, kwani jicho la msomaji lazima lijue lianzie wapi. Mtunzi akalazimika kuita mwenyewe.

Shaaban Robert alilitumia jukumu hilo kwa makusudi. Majina ya vitabu vyake ni Pambo la Lugha, Koja la Lugha, Almasi za Afrika, Mwafrika Aimba. Ukiyasoma kwa pamoja unaiona hoja: pambo, koja na almasi ni vitu vya thamani anavyovaa mtu anayejithamini. Katika zama za ukoloni, mtunzi aliyekiita kitabu chake kwa vito vya Afrika alikuwa amekwisha kusema jambo kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa.

Abdilatif Abdalla alikwenda njia nyingine. Alifungwa miaka mitatu nchini Kenya kwa ajili ya waraka wake wa mwaka 1968, ambao wenyewe ulikuwa na jina lililo swali, "Kenya: Twendapi?". Gerezani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani iliyotokana nayo ilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Asili ya dhiki katika Kiarabu ni wembamba, hali ya kubanwa. Jina halisemi gereza wala serikali. Linasema mahali pembamba, na sauti inayotoka humo. Ndani ya diwani hiyo limo shairi liitwalo Siwati. Kwa Kiswahili sanifu lingeitwa Siachi. Lakini mtunzi ni mtu wa Mvita, na mtu anayekula kiapo cha kutoacha msimamo hula kwa lugha ya kwao. Mhariri ambaye angelisanifisha neno hilo moja angeondoa nusu ya shairi.

Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alipotoa diwani yake ya mashairi huru mwaka 1974 aliiita Kichomi, ule uchungu unaochoma mbavuni mtu anapovuta pumzi. Wapenzi wa vina na mizani waliokasirika walikuwa wameonywa na jalada. Diwani yake ya pili, ya mwaka 1988, ni Karibu Ndani. Ya tatu, ya mwaka 2008, ni Dhifa. Kwa muda wa miaka 34 majina yale matatu yalimchukua msomaji kutoka kwenye maumivu, yakamfikisha mlangoni, yakamkalisha kwenye karamu.

Neno la tatu ni anwani, na ndilo linalomgusa zaidi yule bibi wa Sur. Anwani ni jina la kitabu au la shairi. Na anwani ni yale maneno yanayoandikwa juu ya bahasha ili barua ifike. Neno moja limebeba kazi mbili, na kazi hizo kwa kweli ni moja. Anwani ya shairi huonyesha limetoka wapi na linakwenda kwa nani.

Ahmad Nassir Juma Bhalo alipotoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, jina lilitaja mji. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Mwaka 1977 Mwinyihatibu Mohamed akatoa Malenga wa Mrima, na mwaka 1988 Wallah bin Wallah akatoa Malenga wa Ziwa Kuu. Majina hayo yakisomwa kwa mfuatano husikika kama watu walioketi barazani, kila mmoja akitaja atokako. Neno Bara katika jalada lilikuwa na uzito, kwani lilidai kwamba umalenga si mali ya pwani peke yake. Kasoro ya mtindo huo ni kwamba ukirudiwa sana huwa kama sare ya shule. Anwani ni sahihi, lakini nyumba zote zimefanana.

Haji Gora Haji, mtunzi wa Tumbatu aliyewahi kuwa mvuvi na baharia, aliunganisha mambo mawili kwa ustadi. Diwani yake ya mwaka 1994 ni Kimbunga: Tungo za Visiwani. Neno la kwanza ni tukio, maneno yanayofuata ni anwani. Na diwani yake ya baadaye ikaitwa Shuwari. Anayeijua bahari hahitaji kuelezwa umbali ulioko baina ya majina hayo mawili.

Kisha yupo Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari aliyeandika akiwa anaishi Ujerumani. Diwani yake, N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini, ilipata tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell mwaka 2015. N'na ni nina kwa matamshi ya Visiwani. Mtu aliye ugenini, ambaye labda kila siku huulizwa atokako, anajibu kwa maneno mawili tu, na kwa lafudhi ambayo yenyewe ni ushahidi.

Zaidi ya miaka 100 kabla yake, Abu Muslim alikuwa Zanzibar akiililia Oman. Sasa Mzanzibari yuko Ulaya akiililia Zanzibar. Na bibi wa Sur yuko Oman, katika nchi ya mababu zake, akiandika kwa lugha ya Unguja. Taabu yake ni hii: Waswahili wa zamani waliiita nchi hii Manga, na watu wake Wamanga. Huko Unguja alikozaliwa, familia yake iliitwa ya Wamanga. Alipofika Oman akaitwa Mzinjibari, yaani mtu wa Zanzibar. Pande zote mbili amepewa jina na watu wengine, na kila jina lilimaanisha kwamba yeye ni wa upande ule mwingine. Daftari lile ndicho kitu pekee ambacho yeye ndiye atakayekiita.

Basi ataliitaje?

Mwanawe amependekeza Mashairi ya Mama. Ni jina la mapenzi, lakini ni la mtoto. Kwa msomaji wa Mombasa au wa Bukavu haliwi anwani ya mtu yeyote. Rafiki amependekeza Kasa, kwa kuwa kasa hurudi alikoanguliwa. Ni wazo zuri kwa kulisikia, lakini si kweli kwa bibi, kwa sababu yeye alikoanguliwa ni Unguja na hajarudi kutaga huko. Jina likiwa zuri kuliko ukweli wa mashairi, mashairi ndiyo yatakayoonekana ya uongo. Mwingine amependekeza Machozi ya Uhamishoni. Hilo ni ile taa kali ya ufukweni. Humwambia msomaji alie kabla hajaona kitu.

Njia iliyobaki ni kulitafuta jina ndani ya daftari lenyewe. Na isemwe kwamba mle ndani limo shairi la usiku ambao bibi alipelekwa na wajukuu kuwatazama kasa wa Ras al Jinz. Kiongozi aliwaambia wageni wazime taa. Katika giza lile bibi akakumbuka giza jingine, la Januari 1964, nyumbani kwao Unguja, wakati mama yake alipowaambia watoto neno lile lile. Mara ya kwanza taa ilizimwa kwa hofu, ili watu waliomo ndani wasionekane. Mara ya pili ilizimwa kwa huruma, ili mama wa baharini apate kupanda salama. Maneno hayo mawili, Zima Taa, yamo katikati ya shairi, na bibi hakuwahi kuyafikiria kuwa jina, kwa sababu hayana pambo lolote.

Lakini na yapimwe. Hayafupishi ujumbe, wala hayatoi hukumu. Msomaji atajiuliza ni nani anaamrisha, na kwa nini, na itambidi aingie ndani apate jibu. Akishasoma na kurudi kwenye jalada, maneno yatakuwa na maana mbili ambazo mwanzo hayakuwa nazo. Ni maneno ya nyumbani, ambayo hata mjukuu mwenye Kiswahili kidogo anayaelewa. Nayo yanatoka mahali pawili kwa pamoja, Unguja na Sharqiyah, bila kutaja hata mahali pamoja. Hiyo ni anwani, na ameiandika mwenyewe.

Kwa watunzi wanaosikiliza, yapo mambo machache ya kuzingatia. La kwanza, jina lisubiri. Shairi likamilike kwanza, kisha jina litafutwe humo humo, mara nyingi katika ubeti ambao mtunzi mwenyewe aliuona wa kawaida. La pili, jina lisemwe kwa sauti. Redioni msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Husikia mara moja tu. Neno kama paa huweza kuwa mnyama, au sehemu ya juu ya nyumba, au amri ya kuruka angani. Ikiwa shairi linazitumia maana hizo, utata huo ni hazina. Ikiwa halizitumii, msikilizaji atapotea njia tangu hatua ya kwanza. La tatu, mtunzi ajue ni nani aliyelitumia jina hilo kabla yake. Vuta N'kuvute ilikuwa sehemu ya jina la shairi la Abdilatif Abdalla, Mnazi: Vuta N'kuvute, kisha ikawa riwaya ya Shafi Adam Shafi mwaka 1999, kisha filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Msemo ni wa watu wote na hakuna aliyeiba. Lakini atakayeutumia sasa ajue kwamba msikilizaji atawasikia wote watatu.

La nne, jina likivuka lugha, mtunzi aulizwe. Riwaya ya Jokha Alharthi wa Oman iliitwa kwa Kiarabu kwa maneno yenye maana ya mabibi wa mwezi. Ilipofasiriwa kwa Kiingereza na Marilyn Booth ikaitwa kwa maneno yenye maana ya magimba ya angani, na kwa jina hilo ikapata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019. Jina jipya limefika mbali, na huenda ndilo lililofaa kwa wasomaji wake. Lakini wale mabibi walibaki katika jalada la Kiarabu.

Mjini Sur limehifadhiwa nchi kavu jahazi kubwa lililoundwa mjini humo mwaka 1951. Liliuzwa nje, likafanya kazi katika bahari za watu, na mwaka 1993 watu wa Sur wakalinunua tena kutoka Yemen na kulirudisha. Jina lake ni Fatah al Khair, kufunguliwa kwa kheri. Mbao huchakaa na tanga hubadilishwa, lakini watu wa Sur walijua ni chombo gani wanachokitafuta kwa sababu waliokiunda walikuwa wamekiita.

Diwani nayo ni chombo. Itachukuliwa na watu ambao mtunzi hatawaona, hadi bandari ambazo hatazifika. Daftari la bibi likitoka na jina alilolichagua mwenyewe, siku moja mjukuu ambaye leo anasoma Kiarabu na Kiingereza ataweza kuingia katika duka la vitabu na kulitaja kwa Kiswahili.